Nyota Iliyojificha na Ngamia wa Warsame

Sangailu, 4 Septemba 2025

Kwa mpwa wangu Ruweyda, huko ambako watu wanalala wakati sisi tunafungua mazizi,

Assalaamu aleykum, abti, jina moja la mjomba na mpwa wake. Huku sote wazima, alhamdulillahi, na mimi ni mzima kuliko wote. Mama yako nilimtembelea Garissa mwezi uliopita. Safiyo hajambo, ila amekuwa mkali kama askari wa kizuizi cha barabarani ambaye hajapewa chai. Mvua bado. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha, na jirani anatembea kijijini kana kwamba amezaa yeye.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali nimekisema tangu kuzaliwa lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika. Darasa la sita, nilipowaachia walimu shule yao, tulikuwa tunaandika Kiswahili tu. Halafu mtandao wa Sangailu unapatikana ukipanda mti, na mtu wa heshima yangu hapandi mti. Mwalimu Risper wa shule ya hapa, mama mmoja kutoka bara, atazipiga picha barua zangu na kuzituma akienda Kotile. Zako pia atanisomea yeye. Si kwamba mimi siwezi kusoma. Ninamsaidia tu asisahau.

Ukiona nimeandika kwa herufi kubwa, mistari minne ikajaza ukurasa, usishangae. Herufi ndogo ni za makarani.

Sasa tuingie kwa jambo lenyewe. Mama yako ananiambia unalipwa mshahara kuangalia vumbi. Nikamwambia, rudia. Akarudia: vumbi na gesi inayotoka kwa nyota zilizozeeka. Abti, umesoma kwa maziwa ya ngamia wangu, ukavuka bahari ngapi sijui, ukaenda kutafuta vumbi? Vumbi la Sangailu lilikukosea nini? Ungekaa hapa mlangoni na kikombe chako, lingekuja lenyewe, likaingia hata ndani ya chai.

Na eti mnatumia madishi kuzitazama nyota. Madishi! Mwaka ule wa ukame mkubwa, mimi kwa macho haya, nikiwa hapa mlangoni, nilimwona fisi kule karibu na mpaka. Nikaona na kupe aliyekaa sikioni mwake. Nikamwambia yule kupe, shuka, huyo amekonda, atakupotezea wakati. Akashuka. Waambie wakubwa wako.

Habari nyingine ndogo: nimepata ngamia jike mpya. Sikumnunua, sikupewa. Alikuwa anapita na njia yake, akanitazama, akawaacha wenzake akanifuata. Nimemwita Malkia. Maziwa yake ukinywa unaongeza urefu.

Utarudi lini? Na mume yuko wapi? Jibu hayo mawili kwanza, vumbi baadaye.

Abti yako,
Korane, mwenye ngamia

* * *

Jangwa la Atacama, Chile, 19 Septemba 2025

Abti Korane, mjomba wangu, mwenye macho,

Wa aleykum salaam. Mimi mzima, nashukuru Mungu. Huku ni baridi ya kupasua midomo, na kule juu mlimani kwenye madishi hewa ni haba hata tunapanda na mitungi ya kupumulia. Mvua ni adimu kuliko Wajir, kwa hivyo nimezoea haraka. Wana mnyama anaitwa lama, binamu wa ngamia, ila hana nundu, na akiudhika anakutemea mate usoni. Nikimwona nakumbuka familia.

Mwalimu Risper, asante kwa kumsomea mjomba. Pole pia.

Vumbi langu ni hivi, abti. Nyota ikizeeka huvimba, ikawa kubwa hata njia yote ambayo dunia yetu hulizungukia jua ingeingia tumboni mwake. Kisha inaanza kupumua kwa shida, inatanuka, inasinyaa, na katika kuhema huko inatupa nje mwili wake wenyewe, gesi na vumbi, mpaka ibaki kaa dogo. Kile inachotupa hakipotei. Huko mbele hukusanyika, kikawa nyota nyingine, na mawe, na maji, na mtu wa Sangailu anayejisifu. Kazi yetu ni kuzipitia nyota za namna hiyo zilizo karibu nasi, moja moja, na kupima kila moja inamwaga kiasi gani. Gesi yenyewe ni baridi, haionekani kwa macho ya kawaida. Ndiyo maana ya madishi.

Ninasema macho ya kawaida. Yako najua si ya kawaida. Mama ameniambia ulipomtembelea ulisimama mlangoni ukasalimiana na gunia la makaa. Uliliuliza habari za watoto, na lisipojibu ukaliambia halina adabu. Katikati ya Desemba madaktari wa macho watakuja Garissa, wanaondoa mtoto wa jicho bila malipo. Najua hayo hayakuhusu. Nakuambia tu ukamwambie rafiki yako gunia.

Na kwa kuwa unayashinda madishi yetu, nisaidie kazi. Ngoja Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, ipande vizuri. Kutoka hapo shuka upande wa kusini-magharibi, polepole, mpaka ufike mahali pakavu pasipo na nyota nyingi. Hapo kuna mmoja wa wazee wangu, nyota nyekundu. Inaitwa Mira, maana yake ya Ajabu. Inakimbia angani na kuacha mkia wa gesi nyuma yake kama lori kwenye barabara ya Wajir. Niandikie inang'aa kiasi gani. Mbele ya wakubwa wangu nitasema nimepata dishi lenye miguu miwili.

Salimia wote. Salimia Malkia, ambaye nasikia ni mwepesi wa kupenda.

Mpwa wako,
Ruweyda

* * *

Sangailu, 12 Oktoba 2025

Mpwa wangu Ruweyda, mchunga lama,

Amani iwe juu yako. Mvua imenyesha kidogo, kiasi cha kuwaudhi mchwa. Fartun, binti wa dada yangu mdogo, ameposwa. Nakutajia hilo bila sababu yoyote. Nimeona barua yako ina kurasa mbili na ndani yake hakuna neno "kurudi" wala neno "mume". Labda mwalimu aliruka mstari.

Hilo gunia nililisalimia kwa makusudi. Ndani ya nyumba ya dada yangu mimi huanza salamu mlangoni, na sibagui.

Sasa nyota yako. Niliiona usiku ule ule barua ilipofika. Nilipoinua kichwa tu, hiyo hapo! Nyekundu kama taa ya nyuma ya pikapu, imesimama peke yake inanitazama. Mkia wake pia niliuona, mrefu, umepinda kidogo mwishoni. Mwalimu Risper alikuwa pembeni yangu, akasema yeye haoni kitu pale. Nikamwambia watu wa bara macho yenu yameharibiwa na mvua. Andika basi: Korane, Sangailu, ameiona wazi. Wakubwa wako wakitaka nije niwafundishe, watume ndege, lakini sitakula lama.

Kuna upuuzi mmoja hapa. Mtu anaitwa Warsame, wa upande wa Kotile, alikuja na binamu zake wawili akasema Malkia ni wake. Chapa yangu unaijua, mistari miwili shingoni. Yeye chapa yake ni duara. Eti shingoni kwa Malkia kuna duara. Nikamwambia duara ni mistari miwili iliyochoka, ikaketi. Hakucheka. Watu wa Kotile hawana ucheshi, ni kwa sababu ya kukaa karibu na mto.

Amelipeleka kwa wazee. Watakaa Kotile mwisho wa Novemba. Wakisema nimeiba, zamu yangu ya kisima inaondolewa, na kundi langu halitakunywa pamoja na la mtu yeyote kutoka hapa mpaka Ijara. Lakini hilo haliwezekani, kwa sababu Malkia ni wangu, alinichagua. Nimewahi kuchaguliwa na twiga pia, nikamkataa kwa ajili ya urefu.

Usimwambie mama yako habari ya kikao.

Abti yako,
Korane

* * *

Chile, 27 Oktoba 2025

Abti Korane,

Natumaini umeamka salama na mifugo imeamka salama. Mimi mzima. Mpe Fartun hongera zangu, mwambie amefanya haraka kwa niaba ya wengine.

Abti, kaa chini. Mwalimu Risper, tafadhali mwondolee fimbo mkononi kabla ya kuendelea.

Ile nyota haionekani. Inapotanuka na kusinyaa hivyo, mwanga wake hupanda na kushuka, na kila mwaka hupita miezi mingi ambayo hakuna mtu duniani anayeiona kwa macho matupu. Hii ndiyo miezi yenyewe. Itarudi karibu na Februari. Nilijua hivyo nilipokutuma. Nilitaka tu nikukamate, kama ulivyozoea kutukamata sisi tulipokuwa wadogo, ukatutuma kwa jirani tukaazime kamba ya kufungia upepo.

Nilicheka sana niliposoma kuhusu mkia uliopinda. Halafu nikaacha kucheka. Uongo wako mimi naujua, abti, nimelelewa nao. Ukidanganya kwa raha husimulia simba, helikopta, kupe anayesikiliza ushauri. Safari hii ulidanganya kama mtu aliyeulizwa swali na hana jibu. Mwalimu amekuambia pale hapana kitu. Ungekuwa unaona nyota nyingine za pembeni, ungejua anasema kweli. Hukuona hizo wala Kilimia. Hukuona kitu.

Na kama huoni Kilimia, duara shingoni mwa ngamia utaliona wapi?

Wewe si mwizi. Ulimchukua ngamia wa watu ukidhani ni wako, ndiyo hadithi yote, na ni fupi kuliko zote ulizowahi kusimulia. Waambie wazee hivyo. Mtu aliyekosea chapa kwa ajili ya ugonjwa wa macho anarudisha ngamia, anaomba radhi, anakunywa chai na mwenye ngamia. Kisima kinabaki chako. Halafu uende Garissa kwa madaktari.

Nangoja barua yako. Iandike kwa herufi zozote.

Ruweyda

* * *

Sangailu, 8 Novemba 2025

Ruweyda,

Salamu. Watu wazima. Mvua imenyesha.

Mwalimu aliisoma barua yako kwa sauti ya chini, na mimi nilimwambia aisome chini zaidi, akabaki anasogeza midomo tu. Nikaelewa vile vile.

Hongera kwa kumtega mjomba wako kwa nyota. Wengine hutega digidigi. Elimu ni kitu kizuri.

Sasa nisikilize, wewe unayejua kila kitu. Umri wangu bado haujafika wa kuketi. Unajua mchungaji asiyesoma chapa hufanywa nini? Hafukuzwi, la. Angefukuzwa ingekuwa afadhali. Anapewa kiti. Anapewa kiti cha plastiki na chai yenye sukari nyingi, wanamwambia baba pumzika, na ngamia wake wanagawanywa kwa binamu "wamsaidie". Asubuhi anasikia kengele zao zikipita na anauliza, ni nani hao? Wanamjibu kwa sauti ile ya kumjibu mtoto. Nimewaona wazee wawili wa hivyo. Mmoja nilimcheka mimi mwenyewe.

Mwizi wa ngamia naye ananyimwa maji, sawa, ni taabu. Lakini akipita, watu wanasema, angalieni mifugo yenu. Wanamwogopa kidogo. Ana jina. Nitalipeleka kundi langu mbali, nitatafuta kisima kingine, nitaishi.

Kwa hivyo nitasimama Kotile niseme nimemwiba. Nimeshaamua. Na hao madaktari wa Garissa, mtu hajui wanayaweka wapi macho wanayoyatoa.

Usiwaandikie wazee. Usimwambie Safiyo. Ukisema neno, barua zangu zimekwisha.

Korane

* * *

Chile, 14 Novemba 2025

Abti,

Assalaamu aleykum, mheshimiwa mwizi. Sitamwandikia mtu yeyote. Siri yako ni yako. Macho hawayatoi, wanaondoa ukungu uliokaa ndani yake, lakini mtu mwenye jina kubwa kama lako hawezi kuambiwa kitu na daktari.

Nikuambie kitu changu, tuwe sawa. Umeniuliza mara mbili nitarudi lini na mara zote mbili nikakuhadithia nyota. Mkataba wangu wa hapa ulikuwa unaisha Januari. Nimetia sahihi miaka mitatu mingine. Ilikuwa Agosti. Mama kila Ijumaa ananiambia ameshapaka rangi chumba changu, na mimi namuuliza ni rangi gani. Sijamwambia. Naogopa kile kimya chake kuliko unavyoogopa kiti cha plastiki.

Kwa hivyo tuko wawili, abti, waongo wa ukoo mmoja, wewe kwa kusema mengi na mimi kwa kutosema.

Nakupa biashara. Wewe waambie wazee lako, mimi nitamwambia mama langu. Ukiogopa, nami nimeruhusiwa kuogopa. Chagua.

Mpwa wako,
Ruweyda

* * *

Sangailu, 2 Desemba 2025

Mpwa wangu Ruweyda,

Amani iwe kwako na kwa hao wanyama wako wa mate. Huku nyasi zimeota, wallahi ng'ombe wanakula wamelala. Biashara yako niliisikia na sikuijibu, kwa sababu mtu mkubwa hajibu biashara upesi.

Kikao kilikaa. Mwenyekiti ni Mzee Alio, yule mwenye ndevu nyekundu za hina. Watu walikuwa wengi, nadhani walisikia nitazungumza. Nikasimama nikasema, "Mimi Korane nimemwiba ngamia wa Warsame, kwa akili yangu timamu."

Mzee Alio akauliza, "Ulimwibaje?"

Abti, hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nilimfungua kamba tukaenda. Lakini masikio yote yale yananisubiri! Ulimi ukaniteleza. Nikasema nilitambaa gizani katikati ya simba watatu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ongeza mmoja, wawe wanne." Nikasema niliwaimbia wakalala. Wakaanza kucheka. Warsame mwenyewe, mshtaki wangu, alikuwa anacheka hata anakohoa.

Mzee Alio akasema, "Korane, ulituambia ulimpiga mamba kofi pale Tana. Ulituambia helikopta ya serikali ilishuka kukuuliza njia. Miaka yote hiyo hatujakuamini. Leo unatuambia wewe ni mwizi, unataka tuanzie hapo?"

"Mzee, hii ni kweli!"

"Helikopta pia ilikuwa kweli."

Fikiria, mpwa wangu. Nimekwenda kukiri wizi, wamenikataa! Hakuna mtu katika Ijara yote aliyewahi kunyimwa wizi ila mimi.

Basi Mzee Alio akanyamazisha watu akasema, "Sawa. Kama ni kweli, apa. Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ulijua ngamia ni wa Warsame ukamchukua."

Nikafungua mdomo. Kusimulia ni kusimulia, abti, simba hawatanishtaki. Kiapo ni kitu kingine. Nikabaki nimesimama na mdomo wazi kama kisima, na kicheko kikaisha chenyewe.

Ndipo Warsame akasema, na hakusema kwa ukali, "Wazee, mwizi humficha ngamia. Huyu alimleta kisimani mchana, akamnywesha mbele yangu, akanisalimia vizuri. Akaniita Hamse. Akaniuliza hali ya baba yangu." Akageuka kwangu. "Korane, baba yake Hamse yuko hai. Wangu ulimzika wewe mwenyewe pamoja nasi. Unaniona hapa niliposimama?"

Nilimwona mtu mrefu wa moshi, na nyuma yake moshi mwingine. Nikasema, "Sioni."

Hiyo tu. Nilingoja wacheke. Sijui kwa nini hawakucheka, ilikuwa nafasi nzuri, mimi ningecheka.

Hukumu ni hii. Malkia amerudi kwao. Warsame anasema jina lake halisi ni lingine, jina la ovyo, siliandiki hapa. Kundi langu litanyweshwa pamoja na la Warsame kwa zamu yangu ile ile, likiwa na chapa yangu na ni langu, mpaka nirudi kutoka Garissa. Mzee Alio akasema nisiporudi na macho ndipo tutazungumza habari ya kiti. Na anayenipeleka ni Warsame, kwa pikipiki yake. Nilimwambia njia yote nitakuwa namuonyesha mashimo. Akasema, ndiyo, nami nitakuwa nakuita Hamse.

Mimi nimelipa. Zamu yako.

Abti yako,
Korane, aliyenyimwa wizi

* * *

Chile, 10 Desemba 2025

Abti Korane,

Salaam nyingi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya pili nilimsomea mwenzangu wa zamu huku natafsiri. Sasa mamba na kofi vinajulikana Amerika ya Kusini.

Nimemwambia mama jana. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama miaka mitatu ni mitatu kweli au ni ile ya kiserikali. Kisha akauliza tunakula nyama gani. Nikasema lama. Akakata simu. Leo asubuhi amenipigia kunifundisha namna ya kupika lama, mnyama ambaye hajawahi kumwona, na amenikataza nisitie chumvi mapema. Amesema hataibadilisha rangi ya chumba. Nililia kidogo, lakini huku hewa ni kavu, machozi hayafiki mbali.

Nenda kwa madaktari. Usiwahadithie kitu wakiwa na kisu mkononi.

Ruweyda

* * *

Garissa, 29 Desemba 2025

Mpwa wangu Ruweyda,

Amani na rehema ziwe juu yako. Nakuandikia kutoka nyumbani kwa mama yako. Jicho moja limefanywa, la kulia, la pili baadaye. Daktari alikuwa kijana, mikono yake inanukia sabuni, akaniambia nisisogee. Nilikaa bila kusogea mpaka akanisifu. Akasema hajapata kuona mgonjwa aliyetulia hivyo. Kweli alisema. Muulize Warsame, alikuwa mlangoni, ingawa yeye anakumbuka nilipiga kelele.

Walipofungua bandeji niliona sura ya mwanamke mzee imeniinamia. Nikamwuliza, mama, dada yangu Safiyo yuko wapi? Hajanisemesha sana tangu siku hiyo isipokuwa wakati wa chakula. Abti, kwa nini hakuna aliyeniambia? Mama yako amezeeka! Ana mvi mbele kote, na hapa chini ya macho amekunjika. Kisha akaniletea kioo kwa hasira, akasema, haya, tazama na huyo. Nikatazama. Nilimsalimia yule mtu kwa heshima, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko mimi.

Nimefikiria vumbi lako kidogo, si sana. Nikaona kwamba mimi na Safiyo tumekuwa tukimwaga letu pia, muda wote huo, na nilikuwa sioni. Usiliandike hilo kwa wakubwa wako.

Warsame amekuja mara mbili kuniletea habari za kundi. Wote wako. Juzi alinichorea chapa yake mchangani kwa kijiti, na yangu pembeni yake, akaniuliza ipi ni ipi. Nikamjibu. Akafuta kwa mguu, tukanywa chai.

Jana baada ya swala ya isha nilipanda juu ya paa la mama yako. Nilijua kazi yako bado haijafanywa. Kilimia niliiona, na ni nyota nyingi, si ule uji wa maziwa wa miaka hii. Nilikaa nayo kwanza. Kisha nikashuka kusini-magharibi polepole, kama ulivyoniagiza, mpaka mahali pakavu. Safiyo alikuwa chini anaanua nguo, akaniita, "Unaona nini huko?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Wallahi nilikuwa na taa mbili za lori mdomoni na treni nzima nyuma yake. Nikatazama tena. Nikatazama mpaka shingo ikauma.

Nikamwambia, sioni kitu. Nyota za pembeni ninaziona, lakini pale penyewe ni giza tupu.

Andika basi: Korane, Garissa, tarehe ishirini na nane Desemba, ametafuta na hakuona. Hii ndiyo habari ndogo kuliko zote nilizowahi kumpelekea mtu, na imenichosha kuliko zote.

Abti yako,
Korane